Mfupa Usikae Wazi

Hotuba kwa madereva wa bodaboda, wauguzi na wahudumu wa afya ngazi ya jamii, Tanga mjini

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu shikamooni. Mama zangu, wenzangu wauguzi, vijana wa vijiwe vyote kuanzia Sahare mpaka Pongwe, habari za asubuhi.

Mwenyekiti amekaa mstari wa mbele na saa yake mkononi, kwa hiyo sitazunguka. Nimeombwa nizungumzie ajali za pikipiki. Ajali zenyewe mnazijua kuliko mimi, na trafiki wameshawahubiria vya kutosha. Mimi, daktari wa upasuaji, nitasemea kidonda cha aina moja tu, kile ambacho ukifunua bandeji unauona mfupa. Ndicho kinachowalaza vijana wodini miezi. Kuna msemo wetu wa kujisifia mji, Tanga waja leo, kuondoka majaliwa, wodini kwetu msemo huo una maana yake nyingine, na aliyeulizwa na mkewe kila Jumapili "lini sasa?" ananielewa.

Naomba kila mtu apitishe kidole mbele ya mguu wake, kuanzia chini ya goti kushuka mpaka kwenye kifundo. Fanyeni tu, hakuna wa kuwacheka. Unachokigusa hapo ni ngozi, halafu mfupa, basi. Nyuma kuna shavu la mguu, nyama tele. Mbele hakuna kitu. Ndiyo maana ukijigonga ugoko kwenye kitanda usiku unarukaruka kwa mguu mmoja na kuamsha nyumba nzima. Ndiyo maana pia pikipiki ikikulalia, au bampa ikikupata ugokoni, ngozi inapasuka na mfupa unabaki nje, hata pale ambapo haukuvunjika. Kifundo cha mguu nacho ni hivyohivyo, na kisigino, na fuvu la kichwa. Wenye kofia ngumu mnazozining'iniza kwenye usukani badala ya kuzivaa, hilo la fuvu ni lenu.

Wengi tunadhani mfupa ni kitu kikavu kwa sababu tunaoujua zaidi ni ule wa kwenye supu. Mfupa wa mtu aliye hai una damu, na juu yake umevikwa utando mwembamba uliojaa mishipa midogo. Utando huo ukibaki mahali pake, hata kama ngozi yote imeondoka, sisi tunapumua. Tunaweza kuchuna ngozi pajani tukaipandikiza palepale na ikashika. Tatizo ni utando nao ukikwanguka, mfupa ukabaki mtupu.

Niwaeleze ngozi inavyopandikizwa, maana nimesikia mengi. Kuna wanaodhani tunakata minofu ya paja. Hapana. Tunachuna tabaka jembamba sana, kati ya milimita 0.2 na 0.4 hivi, kwa kisu chake maalumu au kwa mashine yenye wembe mpana. Sehemu ya chini ya ngozi inabaki pajani, na paja linajifunika lenyewe ndani ya wiki 2 hivi. Wagonjwa hulalamikia paja kuliko kidonda chenyewe, na hawadeki: pale panawasha moto, kwa sababu ncha za neva zimeachwa wazi. Kile kipande tulichochuna mara nyingi tunakitoboa matundu mengi ili kitanuke na ili majimaji yapite chini yake, kisha tunakilaza juu ya kidonda na kukifunga kisisogee.

Kipande hicho kikishachunwa hakina damu yake. Siku 1 au 2 za mwanzo kinaishi kwa kunyonya majimaji ya kidonda kilicho chini yake. Kuanzia siku ya 2 au ya 3, mishipa midogo ya kidonda inaanza kukutana na mishipa ya kipande. Siku ya 5 mpaka ya 7 tunafungua. Kikiwa kimeng'ang'ania na kina wekundu, kimepona. Kikiwa cheusi, au kinateleza juu ya usaha, tumerudi tulikoanzia, na paja limeshachunwa.

Sasa mnaona shida ya mfupa mtupu. Hayo majimaji ya siku ya kwanza yatatoka wapi? Kulaza ngozi juu ya mfupa usio na utando ni kupanda mchicha kwenye sakafu ya saruji. Utamwagilia, utauombea dua, siku ya 3 umekauka. Hata fundi bora wa upasuaji hana ujanja hapo. Kwa hiyo mtu akikwambia "kwa nini daktari hampandikizi tu ngozi mara moja?", jibu ndilo hilo: ngozi haikai pasipo na damu, na kazi yetu yote ni kuipeleka damu juu ya mfupa.

Jambo hili si la jana. Mwishoni mwa karne ya 18 huko Marekani, katika mapigano ya mipakani kati ya walowezi na wenyeji wa nchi ile, walikuwapo watu waliochunwa ngozi ya kichwa na wasife. Fuvu lilibaki wazi, likakauka, kidonda hakikufunga. Mtu mmoja wa Tennessee, James Robertson, ambaye wala hakuwa daktari, alifundishwa kutoboa matundu madogo kwenye tabaka la juu la fuvu kwa msharasi, mpaka majimaji mekundu yatokeze. Kwenye kila tundu ikachomoza nyama changa nyekundu. Nyama zikakua, zikakutana, zikafunika mfupa. Aliandika maelezo ya kazi hiyo mwaka 1806. Sisi leo tuna drili ya umeme na maji ya chumvi yaliyotakaswa, lakini tunachokitafuta ni kilekile alichokitafuta yeye na msharasi wake, yaani damu itoke.

Ubaya wa njia ile ni muda. Nyama changa inatambaa polepole juu ya mfupa, wiki kwa wiki, wakati mwingine miezi, na muda wote huo vijidudu havikai vikitazama. Hapo ndipo zilipoingia hizi ngozi mbadala mnazozisikia.

Ilianzia Boston. Daktari wa majeraha ya moto, John Burke, na mhandisi Ioannis Yannas walikuwa wakihangaika na watu walioungua mwili mzima, ambao hawakubakiwa na ngozi ya kuchuna. Mwaka 1981 walitoa taarifa ya kitu walichokiunda, na mwaka 1996 mamlaka ya dawa ya Marekani ikakiruhusu. Sokoni kinaitwa Integra. Ni kitambaa chepesi cha sponji chenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Sponji hiyo imetengenezwa kwa kolajeni, ile protini inayoipa ngozi uimara, kutoka kwenye kano za ng'ombe, ikachanganywa na kitu kinachotolewa kwenye gegedu la papa. Ndiyo, papa. Naona wenzetu wa soko la samaki la Deep Sea wanatazamana. Papa tuliyemzoea kwenye mchuzi wa nazi, wenzenu wanamfunikia vidonda. Juu ya sponji kuna tabaka la silikoni linalozuia maji ya mwili yasipotee na uchafu usiingie.

Kitambaa hicho hakina uhai, na msije mkadhani tunabandika ngozi ya ng'ombe mguuni ikaota manyoya. Ni kiunzi tu. Mishipa ya damu kutoka pembezoni mwa kidonda, na kutoka kwenye matundu tuliyotoboa mfupani, inapenya ndani ya sponji. Seli za mgonjwa mwenyewe zinaingia humo, zinajenga tabaka la ndani la ngozi yake, na kolajeni ya ng'ombe inayeyuka taratibu. Inachukua wiki 2 mpaka 4. Kwa macho unaona chini ya silikoni rangi inabadilika, wekundu unapungua na kuelekea manjano hafifu. Hapo tunambandulia silikoni, na juu ya tabaka hilo jipya, ambalo sasa lina damu, tunapandikiza ngozi nyembamba kutoka pajani. Kwa hiyo ni upasuaji mara 2, siyo mara 1, na ndugu wa mgonjwa waambiwe hivyo tangu mwanzo.

Zipo aina nyingine. Iceland wanatumia ngozi ya samaki wa bahari ya baridi iliyoondolewa seli zake. Wengine wanatumia utando unaomzunguka mtoto tumboni, ukikaushwa na kutakaswa. Na Brazil, mjini Fortaleza, madaktari wamefunika watu walioungua kwa ngozi ya perege. Hii ya perege naitaja kwa sababu video zake zimezunguka sana WhatsApp, na kuna baba aliniuliza kwa upole kama alete samaki wangapi. Baba yangu, ngozi ile husafishwa na kutakaswa maabara kabla haijamgusa mtu, na ni bandeji ya kuungua. Haifuniki mfupa. Perege wa sokoni mle na ugali.

Sasa niwaonyeshe jambo lenyewe linavyokuwa. Nimebadilisha kidogo ili mwenyewe asijulikane. Kijana wa barabara ya Pangani aliangushwa, mfupa haukuvunjika, ila ngozi ya ugokoni, karibu na kifundo, iliondoka kiasi cha nusu ya kiganja. Alitibiwa nyumbani. Spiriti kila asubuhi, halafu unga wa dawa ya vidonge uliosagwa, halafu anakiachia kidonda "kipigwe upepo". Alipofika kwetu kulikuwa na nyama nzuri nyekundu pembezoni, na katikati mfupa umelala wazi, wa kijivu, mkavu, hata ukiugusa na koleo hasikii.

Chumba cha upasuaji tulianza kuuparura mfupa ule kwa patasi nyembamba, muuguzi akidondoshea maji ya chumvi usipate moto. Paruzo za kwanza zilitoka unga mweupe. Hakuna damu. Tukaendelea. Unga tena. Kisha pembeni, upande wa ndani wa mguu, kikatokea kitone kimoja chekundu, kidogo kuliko punje ya mtama. Tukafuta. Kikarudi. Muuguzi aliyekuwa anahesabu gozi akasimama kutazama. Tukasogea nacho taratibu mpaka uso wote wa mfupa ukajaa vitone, halafu tukatoboa matundu machache ya drili kuhakikisha. Mpaka hapo hatujafunika kitu. Lakini kazi kubwa ilikuwa imekwisha.

Juu ya vitone hivyo tulishona kipande cha sponji ile ya ng'ombe na papa, kilichokuwa kimeachwa na madaktari wageni waliokuja kufundisha. Juu yake tukaweka sifongo nene, plastiki ya kunata, na mpira wa kunyonya. Mashine hiyo ya kunyonya inavuta majimaji machafu na kubana kiunzi kisicheze. Kipimo cha nguvu ya kunyonya kinachotumika sana ni milimita 125 za zebaki, kilichotokana na kazi ya Argenta na Morykwas iliyochapishwa mwaka 1997. Mashine za dukani ni ghali, ila wauguzi wabunifu wamefanya kazi hiyo kwa sifongo iliyotakaswa na mashine ya kunyonya ya wodini. Wiki ya 3 tukabandua silikoni, tukapandikiza ngozi ya pajani. Ilishika. Mguu una kovu lililobonyea kidogo, na amerudi kazini.

Mtaondoka hapa mkisema daktari kasema dawa ni Integra. Ngojeni kwanza.

Kitambaa hicho kinauzwa kwa sentimita ya mraba, kama vito. Na hata ukiwa na pesa, kina masharti. Kikikuta usaha kinaoza na kubanduka chote, kwa hiyo mfupa wenye uambukizo haufunikwi nacho mpaka usafishwe kabisa. Mfupa uliovunjika vipande ukabaki wazi, au chuma kinachoonekana nje, au kiungo kilichofunguka, navyo vinahitaji kitu kinene na chenye damu yake. Vinahitaji nyama.

Na nyama tunayo. Msuli mmoja wa shavu la mguu unaweza kugeuzwa ukiwa bado umeshikana na mshipa wake wa damu, ukaletwa mbele, ukafunika mfupa wa theluthi ya juu ya mguu. Msuli ulio chini yake unafika theluthi ya kati. Juu ya msuli tunapandikiza ngozi siku hiyohiyo, kwa sababu msuli umejaa damu na ngozi inaupenda. Theluthi ya chini, karibu na kifundo, ndiyo ngumu: huko tunashusha kipande cha ngozi na mafuta kutoka nyuma ya mguu kwa mshipa wake, au tunakata nyama sehemu nyingine ya mwili na kuunganisha mishipa kwa darubini, kazi ya saa nyingi inayotaka kituo kikubwa kama MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili.

Mwezi uleule wa yule kijana tulikuwa na mgonjwa mwingine, mfupa umevunjika na uko wazi katikati ya ugoko, amefungwa vyuma vya nje, hivyo vijana mnavyoviita antena. Kabatini hatukuwa na kipande hata kimoja cha ngozi mbadala. Tuligeuza msuli. Alitoka wodini kabla ya mwenzake. Ukiniambia leo nichague kati ya kabati lililojaa ngozi mbadala na daktari mmoja zaidi mkoani anayejua kugeuza msuli, namchukua daktari, na kabati nitawasaidia kulibeba mkaliweke kwingine. Msuli hauagizwi kutoka nje, haulipiwi ushuru, na mgonjwa anakuja nao mwenyewe. Kinachotakiwa ni mikono iliyofundishwa na mgonjwa aliyewahi.

Kuwahi ndiyo neno langu kwenu leo, na hapa natumia hesabu za mtu mwingine. Marko Godina, daktari wa Ljubljana huko Slovenia, alikusanya kumbukumbu za wagonjwa 532 waliohamishiwa nyama kwa darubini kufunika majeraha ya miguu na mikono. Waliofunikwa ndani ya saa 72 tangu ajali, nyama iliyohamishwa ilikufa kwa chini ya mgonjwa 1 kati ya 100. Waliofunikwa baada ya hapo mpaka miezi 3, ilikufa kwa wagonjwa 12 kati ya 100. Uambukizo ulikuwa asilimia 1.5 kwa waliowahi, na 17.5 kwa waliochelewa kundi la pili. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1986, mwaka ambao Godina mwenyewe, akiwa bado kijana wa miaka arobaini na kitu, alifariki kwa ajali ya gari. Sisemi Tanga tutafunika kila mguu ndani ya saa 72. Majeruhi wa Handeni vijijini au milimani Lushoto anaweza kutumia siku nzima kufika tu. Lakini siku anazozipoteza nyumbani akipaka majivu hizo ni zake na zetu, tunaweza kuzirudisha.

Basi ajali ikitokea mbele ya kijiwe chenu, mfanye hivi. Bana damu kwa kitambaa safi. Funga mguu na ubao au kadibodi usicheze. Mfupa uliochomoza usiurudishe ndani. Mwagia maji safi mengi, funika kwa khanga safi iliyoloweshwa maji yaliyochemshwa na kupoa, peleka. Usiweke petroli, unga wa kahawa, dawa ya meno wala kinyesi cha ng'ombe. Hicho cha mwisho kina wadudu wa pepopunda, na pepopunda inaua. PF3, ile fomu ya majeruhi, mtu mwingine aifuatilie polisi wakati majeruhi yuko kitandani anahudumiwa. Antibiotiki ya mshipa ianze mapema, saa 1 ya kwanza ikiwezekana, saa 3 isipite.

Wenzangu wauguzi wa zahanati, ombi langu kwenu ni moja: mfupa usikauke. Gozi yenye maji ya chumvi, ibadilishwe kabla haijakauka. Spiriti haina kazi juu ya mfupa, inaua kilichobaki. Na andika rufaa siku hiyohiyo, usimpe mgonjwa "kliniki ya wiki ijayo".

Kuna wale ambao wana donda ndugu la miaka, ugokoni au kisiginoni, wameshalizoea, wanalifunga kitambaa na kwenda shamba la mkonge kama kawaida. Mzee wangu, kidonda kisichopona miaka mingi kinaweza kugeuka saratani. Mfaransa Marjolin aliandika juu ya vidonda vya namna hiyo tangu mwaka 1828. Kikianza kuota kingo nene, kutoa harufu mpya au kuvuja damu ovyo, njoo tukate kipande kidogo kipimwe. Na mwenye kisukari, hata kidonda cha kiatu kipya kisiachwe.

Chakula nacho. Mwili unajenga ngozi kwa protini, kwa hiyo dagaa, mayai, maharage. Kolajeni haijengeki bila vitamini C, na sisi tuna Muheza yenye machungwa mpaka yanaoza barabarani, halafu mgonjwa analetewa soda. Sigara inabana mishipa ileile tunayoibembeleza ipenye kwenye ngozi mpya. Nimeshaona ngozi iliyoshika vizuri ikageuka nyeusi pembezoni, na chini ya mto kuna pakiti.

Vikaratasi vya maswali vimenifikia. Nitajibu kadhaa, mwenyekiti amekohoa.

Mama mmoja anauliza kama anaweza kumpa mwanawe ngozi yake. Mama, Mungu akubariki, lakini mwili wake utaikataa baada ya wiki 2 hivi. Peter Medawar na Thomas Gibson walilichunguza hilo kwa mgonjwa aliyeungua huko Glasgow, wakachapisha mwaka 1943: ngozi ya ndugu ilikataliwa, na ilipowekwa mara ya pili ilikataliwa haraka zaidi. Medawar alikuja kupata Nobeli mwaka 1960 kwa kazi iliyotokana na swali hilo. Mapacha wa kufanana ndio pekee wanaopeana ngozi ikadumu. Ngozi ya mtu mwingine inaweza kutumika kama bandeji ya muda tu.

Kuna aliyeuliza kuhusu nguruwe. Ni kweli, baadhi ya ngozi mbadala zinatokana na nguruwe. Integra niliyoieleza ni ng'ombe na papa. Una haki ya kumuuliza daktari kabla ya kusaini, na daktari ana wajibu wa kukujibu. Mambo ya uchinjaji na dharura kamuulize sheikh wako, siyo mimi.

Asali? Asali safi ni bandeji nzuri kwa kidonda chenye nyama, inadhoofisha vijidudu. Juu ya mfupa mtupu haitaotesha kitu. Isiwe sababu ya kukaa nyumbani.

La mwisho limetoka kijiweni, linauliza lini mtu aliyepandikizwa ngozi mguuni ataanza kupakia abiria. Wiki ya kwanza mguu uko juu ya mto, huushushi hata kwenda chooni bila ruhusa. Baadaye unashushwa kidogokidogo, umefungwa bandeji ya kubana, na bandeji hiyo unaenda nayo miezi. Ngozi mpya haina tezi za mafuta wala jasho, kwa hiyo paka mafuta ya nazi kila siku na uifunike na jua. Kupakia tutakubaliana kliniki, inategemea mfupa ulivyo. Na ukirudi barabarani, kumbuka ngozi hiyo haina hisia kamili, ya moto wala ya maumivu. Ekzosi itakuunguza na hutajua mpaka unuse. Kwa hiyo vaa suruali nzito, funga kikinga ekzosi kile mlichokitoa pikipiki ilipokuwa mpya, na kila jioni ukifika nyumbani uutazame mguu wako kwenye mwanga, mbele na nyuma, ukiona lengelenge uje kesho yake asubuhi.